Uzi Mwekundu kwenye Okidi ya Shangazi

Nikikaa kwenye meza yoyote ya nyama choma hapa Dodoma, kitu cha kwanza ninachokisogeza mbali ni kikopo cha vijiti vya meno. Wenzangu hudhani ni ustaarabu. Ukweli ni kwamba nilipokuwa na miaka kumi nilishika kijiti kimoja cha namna ile, na mpaka leo nikiviona napata joto usoni.

Nilikuwa nimeletwa kutoka Haneti kusoma, nikakaa Miyuji kwa Shangazi Damari, dada wa baba. Shangazi alikuwa katibu muhtasi, mwanamke wa mafaili na mihuri, ila Jumamosi alikuwa mtu wa maua ya okidi. Nyuma ya nyumba alikuwa na banda la wavu mweusi, na ukiingia tu ilikupokea harufu ya mkaa uliolowa na magome ya miti. Kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa kuzalisha machotara: kuchukua chavua ya ua la aina moja na kuipeleka kwenye ua la aina nyingine, ili izaliwe okidi ambayo hakuna aliyewahi kuiona.

Kuchagua wazazi kulimchukua miezi. Aliulizia ukoo wa mmea kama wazee wa kwetu wanavyoulizia ukoo wa mchumba. Wakitoka koo za mbali mno, alinieleza, tunda linageuka njano na kudondoka. Mmea mama alikwishaupata: okidi ya porini kutoka upande wa Kolo, yenye maua madogo ya manjano na madoa ya kahawia, isiyojua kulalamikia ukame. Mmea baba ulikuwa kwa jirani.

Jirani huyo ni Mwalimu Tunu, mstaafu aliyehamia kutoka Lushoto na chungu kimoja cha okidi ya maua makubwa ya rangi ya waridi. Joto la Dodoma halikuipenda hata kidogo, na mwaka ule ilitoa ua moja tu. Ua la okidi likitolewa chavua hunyauka mapema. Mwalimu alilijua hilo vizuri, lakini Jumamosi hiyo asubuhi alikuja na chavua ya ua lake kwenye karatasi iliyokunjwa, akamkabidhi Shangazi kwa mikono miwili. Walikuwa marafiki wa kiasi hicho.

Chavua ya okidi haipeperuki kama unga. Ni vidonge viwili vya manjano, kila kimoja kidogo kuliko punje ya uwele. Shangazi alivinasa kwenye ncha ya kijiti cha meno, na hapohapo tukasikia harufu ya maharage yanayoungua jikoni. Akanipa kijiti nishike, akaniambia hata kupumua nipumue kwa adabu, akakimbilia jikoni. Mwalimu alikuwa nje ya wavu, bombani, ananawa mikono. Nikapiga chafya.

Nilipofumbua macho, ncha ilikuwa tupu. Nikainama, nikapapasa kwenye kokoto, sikuona kitu. Binamu yangu aliyekaa hapo kabla yangu alikuwa amesharudishwa Haneti kwa kosa la kudokoa sukari na kukataa kukiri, nami sikutaka kurudi kuchunga mbuzi wakati nimeanza kuzoea viatu. Basi nikachomoa chavua kwenye ua la pili la mmea uleule wa Kolo. Rangi ilikuwa ileile. Shangazi akarudi, akaibandika ndani ya ua alilokuwa ameliandaa, akafunga uzi mwekundu kwenye kikonyo, akaandika majina ya wazazi wote wawili kwa mwandiko wake wa ofisini. Mwalimu akampa mkono wa pongezi kana kwamba wameozesha watoto.

Tunda lilikomaa, mbegu laini kama vumbi zikaoteshwa kwenye chupa, miche ikahamishiwa vyunguni. Ilipita miaka mitano, na kila asubuhi nilimwagilia uongo wangu kabla ya kwenda shule. Nilikuwa kidato cha tatu ua la kwanza lilipofunguka. Dogo, la manjano, lenye madoa ya kahawia. La pili hivyohivyo, na la tatu. Rangi ya waridi haikuwepo hata ya kusingizia. Shangazi alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa muda mrefu, kisha akaondoka kwenda kwa Mwalimu, nami nikafuata nyuma.

“Ungeniambia tu kwamba unalionea choyo ua lako, dada,” Shangazi alisema. “Ulichuma chavua kwenye ile okidi ya Kolo niliyokugawia mwenyewe, ukaniacha ningoje miaka mitano.”

Mwalimu hakumtazama Shangazi. Alinitazama mimi.

“Nisamehe, Damari,” alisema. “Labda nilichanganya.”

Nilikuwa na miaka kumi na tano na mdomo ninao. Nikakazia macho kandambili zangu. Naona aibu kuandika hili, lakini nilichohisi pale kilikuwa nafuu. Tangu siku hiyo hawakutembeleana tena, na kwenye misiba ya mtaa walisalimiana kama watu waliokutana stendi.

Mwezi uliopita, binti yangu akiwa ametimiza miaka kumi, nilikwenda kwa Mwalimu Tunu. Nikampa shikamoo, akanimiminia chai, nami nikamwambia yote. Hakushtuka.

“Nilikuona kupitia wavu, umeinama,” alisema. “Siku ile sikujua unatafuta nini. Maua yalipofunguka ndipo nikajua.”

Nikamuuliza kwa nini hakujitetea.

“Damari angekurudisha Haneti wiki ileile. Shule ungemalizia wapi, mwanangu?”

Miaka yote hiyo niliamini nimeficha siri yangu kwa ujanja. Kumbe mimi ndiye niliyefichwa, na aliyenificha alimpoteza rafiki yake kwa ajili ya mtoto ambaye hakuwa hata wake.

Jioni hiyo nilimwambia Shangazi. Nilingoja anifokee, hakunifokea. Aliingia bandani, akabeba chungu kimoja ambacho kibandiko chake bado kina jina la okidi ya Mwalimu, akatoka bila kufunga geti. Safari hii sikumfuata.