Fahali wa Mogesi Aliyekataliwa Hifadhi

Mogesi wa Manchira ana sauti ambayo akiita kuku wake, kuku wa Mugumu nao wanakuja, na wakifika wanauliza kuna nini. Alizaliwa Susuni, akaolewa na Sadock, na miaka yote analima sukuma wiki jirani na bwawa huku jicho moja likichunga ng'ombe wasivuke kwenda Hifadhi ya wanyamapori. Maana ng'ombe akishaingia Hifadhi, kumtoa ni kilio. Mama huyo haogopi fisi wala mvua ya mawe. Kilichomliza ni simu.

Simu waliletewa na binti yao Gati, na ndani yake mlikuwa na mchezo. Humo unakuwa mtu mwingine: unamchagulia njia, unamchagulia maneno ya kusema, anapata nguvu kidogo kidogo. Mogesi akawa shujaa mwenye upinde, na fahali wake. Alimpata akiwa ndama, akamlisha majani ya humohumo mpaka akanenepa, na Mogesi anaapa kwamba simu ilianza kulemea mfuko. Akampa jina la baba yake marehemu, Waitara. Zamu ya Sadock ikifika, fahali haendi, kwa sababu Sadock hathubutu kumchapa. Mkwe anachapwaje?

Basi jioni moja shujaa na fahali walifika kwenye mto uliofurika. Simu ikauliza: uvuke, au usubiri? Mogesi akainua kidole. Papo hapo jogoo akaruka kutoka dirishani, akatua mkononi mwake, na fahali huyo majini. Akazama, pembe za mwisho.

"Baba Gati! Waitara amekufa!"

"Mara ya pili?" Sadock akaja mbio na ndoo ya maziwa. Alipoona ni simu, akacheka mpaka maziwa yakamwagika.

"Nirudishe nyuma, kabla ya mto."

"Hapana, mama Gati. Mimi nilipoliwa na simba humo nikataka kurudi, ulisema nini?"

"Nilisema aliyeliwa ameliwa. Wewe ulimtukana simba kwa akili zako. Yangu kosa ni la jogoo."

"Jogoo ni wa nani?"

Mogesi akamtazama jogoo. Kurudi kwa aliyeteleza aliona ni haki, na kurudi kwa aliyechagua vibaya ni wizi, hilo kwake lilikuwa wazi kama mchana. Ila kile kidole chake, kabla ya jogoo, kilikuwa kinaelekea wapi? Alijaribu kukumbuka, kikaelekea kusubiri. Akajaribu tena, kikaelekea kuvuka.

"Haya, jogoo tumsamehe," Sadock akasema, akachukua simu. Akabonyeza hapa, akabonyeza pale, uso ukabadilika. "Mbona hakuna kitu? Kila jioni simu haikukuuliza, 'Hifadhi?'"

"Iliniuliza."

"Ukajibu nini?"

"Hapana! Nimpeleke fahali wangu Hifadhi nina wazimu?"

Sadock akakaa chini. "Mama Gati. Hifadhi maana yake ikutunzie. Ili ukifa urudi pale."

"Sasa kwa nini wasiseme 'nikutunzie'?"

Kilichobaki ni mwanzo kabisa, alipohifadhi Gati siku ya kwanza. Kurudi huko ni kupoteza upinde, mashamba, milima yote waliyopanda.

"Hapo hata mimi sikukatazi," Sadock akasema taratibu. "Anayerudi na kupoteza vyote hajamwibia mtu."

"Kwa hiyo ni haki kwa sababu inauma?"

"Sijui. Nimesema tu."

Mogesi akabonyeza. Likatokea zizi, na ndani ndama kadhaa, wote weusi, wote wanafanana kama maharage. Simu ikamwambia achague mmoja.

"Ni yupi?" Sadock akauliza.

"Nilimzoea mkubwa. Mdogo simkumbuki."

"Bonyeza yeyote. Ukikosea tutarudi tena."

"Na hiyo ya pili, itakuwa haki?"

Ndama mmoja akalia, wengine wakaitikia. Mogesi akawatazama hata macho yakamwuma, akaita, "Waitara!" kwa ile sauti yake. Jogoo akashtuka, ng'ombe wa nje wakainua vichwa, ila ndama wa simuni hakugeuka hata mmoja.

Akambonyeza yule aliyempa mgongo.