Mafuta ya Cherehani kwenye Gemu ya Marehemu

Tangu wamzike mdogo wake, yule mshonaji ambaye mtaa mzima ulimwita Haraka hakuweza kukaa kitako. Anapiga mshono mmoja, anainuka, anachungulia dirishani, anarudi. Midomo inaomba dua, mikono inatafuta kazi. Kazi aliyoipata ilikuwa gemu ya mkononi ya marehemu, ya zamani zile, skrini imefifia hata picha hazionekani.

Alibadilisha betri. Akasugua vyuma vya betri kwa siki. Akazungusha kigurudumu cha kuikoleza picha. Kikakwaruza, picha ikaja kidogo, ikapotea. Basi akafanya alilozoea: akakidondoshea mafuta ya cherehani. Skrini ikazidi kufifia.

"Dada Haraka, hii ni gemu au mashine ya kushonea?" fundi redio wa mtaani aliuliza alipopelekewa na kuifungua.

"Kinachokwaruza kinataka mafuta."

"Kwako huko. Hiki mafuta yanakiziba. Hebu kaa, unanizunguka kama nzi."

Hakukaa. Angekaaje? Ndani ya gemu hiyo kulikuwa na daraja la mwisho, na mdogo wake alimwahidi, "Sivuki bila wewe, dada." Kila Haraka alipoitwa waicheze alijibu, "Ngoja nimalize gauni hili." Lakini magauni hayaishi. Ugonjwa ukaingia, Mungu akamchukua mja wake, na sasa lililomkosesha usingizi lilikuwa moja: je, alikufa akimngoja?

Fundi alikisafisha kigurudumu kwa pamba na spiriti, akakipuliza, akakizungusha taratibu. Picha zikakolea.

"Sasa tujaribu kwanza..."

Haraka alikwisha kuinyakua. Akafungua pale mchezo ulipohifadhiwa, moyoni akisema Ee Mola, Ee Mola. Kijitu cha gemu kilikuwa kimesimama ng'ambo ya mto. Daraja lilikuwa nyuma yake.

Akaisogeza skrini karibu na macho.

"Imefifia tena?" fundi aliuliza.

"Haijafifia. Kavuka." Akajifuta uso kwa ncha ya kanga. "Mwongo mkubwa yule. Kaniapia mbele ya mama, halafu kavuka peke yake."

"Sasa unalia au unacheka, dada yangu?"

"Niache tu, kaka. Hakuningoja. Mungu ashukuriwe, hakuningoja."