Kengele ya Mbwa Asiyebweka

Mbwa wetu hakubweka. Wa msitu wa kwetu ndivyo walivyo, ndiyo maana wawindaji huwafunga kengele ya mti shingoni, wasipotee. Wetu aliletwa na tonton, ndugu ya mama, lakini hakuwinda hata siku moja. Alinifuata mimi, na mimi sikutoka nyumbani. Papa, mvuvi wa maporomoko, alitucheka: "Mumoja iko na kengele, mwingine iko na vitabu ya masista, na wote wawili hawaleti hata panya!"

Mzungu mmoja wa shamba la kahawa alimwona mbwa wetu jike, akamtaka kwa dume lake. Akamtuma mpishi wake na kuku. Sasa, kwetu mbwa hauzwi. Ukileta kuku, unaomba mtoto mmoja. Mama mtu anabaki wa nyumba yake. Basi papa akamtoa apandwe, kisha arudi. Kuku tukamla. Kumbe yule Mzungu, monsieur, alijua amenunua mbwa.

Papa alikwenda kumdai. Mpishi akamsimamisha mlangoni.

"Papa, kuku mulikula?"

"Tulikula."

"Bon. Alors? Sasa unadai nini?"

Mbwa wetu alizalishwa kwenye banda la waya, uzao juu ya uzao. Watoto walipelekwa Ulaya kwa ndege, huko mbwa wanakochanwa nywele, watu walisema. Maziwa yalipokauka, mpishi akaturudishia mama yao. "Monsieur anasema huyu amekwisha."

Chuchu zilikuwa zinaburuzika chini. Kengele hakuwa nayo.

Nilifurahi kama mjinga. Yeye alipita akichungulia chini ya kila kitanda. Akachukua sapato moja, kiatu changu cha misa, akaiweka pembeni, akajikunja kuizunguka, akaanza kuilamba. Kisha akaenda kuchukua mwiko wa mama.

"Na chakula tutakoroga na nini?" papa akauliza. Hakuna aliyecheka, hata yeye.

Asubuhi mbwa hayupo. Mimi, ambaye hata chumvi ya jirani nilitaka niletewe, nikatembea mpaka shambani. Nilimkuta amelala kando ya waya, anatazama banda tupu.

"Twende nyumbani, mama."

Hakugeuka. Nikamfunga kamba. Nilikuwa nimeutukana waya wa monsieur mpaka mate yakaniishia, na sasa angalia nani ameshika kamba, na nani anasema anapenda. Alinifuata bila kuvuta. Hiyo ndiyo iliniumiza: alikuwa amezoea.

Nyumbani nilimfungua. Asubuhi hayupo tena.

Nilirudi shambani. Safari hii kamba niliiacha, nilichukua sapato. Niliiweka mbele yake. Akainusa, akaivuta polepole kwenye tumbo, akalaza kichwa juu yake. Nikakaa naye mpaka mpishi akanifukuza.

Jumapili sikwenda misa. Papa aliona sapato moja peke yake mlangoni, akaipangusa vumbi, akairudisha pale pale.