Sauti Niliyoifuta Kwenye Disiki ya Faustini

Kuna siku moja hainitoki, mwanangu, na nikikuona umepanga vipande vya kompyuta yako mezani namna hii, inanirudia yote. Weka hiyo bisibisi chini kidogo. Vipande havitakimbia.

Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na mitano hapa Kasongo, mpiga picha za arusi. Nilitaka mashine moja ya kazi mbili: asubuhi nifanye montaji ya video, ile kazi ya kukata na kuunga picha, mchana vijana waje kucheza mpira wa kwenye skrini katika chumba cha mbele cha baba yangu. Mashine mpya nisingeiweza, basi nikaokoteza vipande. Karte ya picha, kile kibao kinacholeta picha kwenye skrini, ilitoka Bukavu, imefungwa ndani ya kitenge kama kitoto kichanga. Sanduku nilichongewa na seremala, la mbao, nikalitoboa matundu ya hewa. Kitu pekee nilichonunua kipya ni alimentasio, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani, kwa sababu Papa Zakaria, fundi wa redio aliyenifundisha kushika waya, aliniambia kikiwa kibovu kitaunguza vyote kwa mpigo mmoja. Hapo nilimsikiliza. Laiti ningemsikiliza na baadaye.

Ubao wa ndani, ule unaobeba vipande vyote, pamoja na disiki ya kuhifadhia nilivipata Kabambare. Vilikuwa vya Faustini, kaka wa kijana aliyeniuzia; alikuwa na studio ya picha kule, akafa kwa ajali ya pikipiki. Kijana alinipa mfuko bila kunitazama usoni.

"Chukua tu, dada," akasema. "Hapa nyumbani haiwezi kubaki."

Sikuuliza kwa nini. Furaha ilinijaa, na mtu mwenye furaha haulizi maswali mengi.

Nilifunga kila kitu, nikaunganisha na batiri za paneli ya jua, ikawaka mara ya kwanza. Skrini nzima ilikuwa picha ya bibi mmoja ameketi mlangoni, macho amefumba. Niliona ni picha nzuri, nikaiacha. Vijana wakaja, wakacheza, kelele tupu. Ilipofika saa sita kamili mchana mchezo ukanyamaza, na sauti ya mwanamume ikatoka, ya upole, karibu kabisa.

"Mama, saa imefika. Kunywa dawa yako."

Kisha kimya. Kimya cha mtu anayengoja kujibiwa. Halafu ile sauti ikacheka kidogo: "Vizuri, mama."

Amisi, mmoja wa wachezaji wangu, aligeuka akaangalia nyuma yake. "Nani amemujibu?" akauliza.

Kesho yake, saa ileile, maneno yaleyale. Nilipekua disiki nikaona sababu: Faustini alikuwa amerekodi sauti yake na kuiamuru mashine iitoe kila siku saa sita, akaacha na nafasi katikati ili mama yake ajibu. Akili yangu ilielewa, mwili ulikataa. Siku ya nne nilizima sauti kabisa, nikasimama mbele ya skrini. Vile vijiti vya kijani vinavyoonyesha sauti vikapanda na kushuka, vikalala, vikangoja, vikapanda tena.

Nikamwita Papa Zakaria. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua kofia.

"Usifute, binti. Hii sauti iko na mwenyewe. Uliza kwanza mama yake iko wapi."

"Lakini Papa, vijana wanaogopa kuja. Na disiki imejaa, michezo haina pa kukaa."

"Disiki ingine utanunua siku ingine. Mutu ukishamufuta, utamununua wapi?"

Niliitikia vizuri, kwa heshima. Alipokwisha kukata kona nikafuta yote, alasiri ileile. Nikaweka programu ya montaji, nikaweka mpira na mbio za magari. Saa sita ikawa saa sita tu, vijana wakarudi, nikajiona mwerevu.

Wiki chache baadaye pikipiki ilisimama mlangoni kabla ya mchana. Dereva alimshusha bibi mmoja, vumbi la barabara ya Kabambare limemjaa hadi nyusi. Macho alikuwa amefumba. Nilimjua kabla hajafungua kinywa, ni yule wa kwenye skrini.

"Mimi ni mama yake Faustini," akasema. "Sioni, yeye ndiye alikuwa ananikumbusha dawa. Mudogo wake aliuza mashine nikiwa nimelala hospitali. Waendesha pikipiki wameniambia mutoto wangu anasemea hapa kwako."

Mwanangu, nilikaa chini mbele yake nikamwambia ukweli. "Mama, unisamehe. Nilifuta. Haitasema tena."

Hakulia. Alipapasa kiti, akaketi kuielekea mashine. "Tungoje tu saa sita," akasema.

Tukangoja. Vijana waliacha kucheza wenyewe. Bibi hakuwa na saa mkononi, na adhana ya adhuhuri ilikuwa bado. Tarakimu kwenye skrini zilipogeuka tu kuwa saa sita, aliinua kichwa.

"Ndiyo, mwanangu."

Akafungua fundo la kitenge chake, akatoa kidonge, akanyoosha mkono, nikampa maji. Akameza. Kisha akatega sikio, akangoja, na uso wake ukalegea kwa tabasamu. Mimi nilikuwa navikodolea macho vile vijiti vya kijani. Havikutikisika hata kimoja.

"Mama, umesikia kitu?" nikamuuliza.

"Wewe hukusikia?"

"Hapana, mama."

"Basi hakukuita wewe."

Akasimama, akanishukuru kwa maji, akapanda pikipiki akaondoka. Nilihangaika siku nyingi na disiki ile kutafuta kilichofutika. Nilipata nusu ya uso wa bibi-arusi, na mkono ulioshika glasi. Sauti haikurudi. Kwangu mimi haikurudi.

Kwa hiyo nakuambia hivi. Vipande vilivyotumika vinunue, si aibu. Mimi nimelisha nyumba hii kwa vipande vilivyotumika. Kisanduku cha umeme tu usikifanyie ubahili. Lakini disiki ya mtu, kabla hujaifuta, ifungue uangalie nani alikuwa anakaa humo. Mtafute, au watafute wa kwao. Nakili kilicho chao uwapelekee, hata kama ni mwendo wa siku mbili kwenye matope. Ukikosa mtu, weka nakala pembeni ungoje. Mchezo utaupata wiki ijayo. Sauti ya mtoto wa mtu huipati. Na mzee akikuambia usifute, usingoje akate kona.

Mungu aitulize mikono yako, mwanangu. Mashine yako iwake bila kuungua, kazi yake ifurahishe nyumba za watu, na siku utakapoacha sauti yako duniani, ianguke mikononi mwa mtu atakayeuliza kwanza ni ya nani.