Shikamoo kwa Bawa

Mume wangu Wenseslaus ni rubani, na tangu anioe nimepiga pasi mashati meupe mengi kuliko sista yeyote wa misheni. Nalisema hili mapema ili ijulikane kwamba habari za urubani sikuzisikia kwa jirani. Walimu wenzangu pale shuleni Njoro walikuwa wakinitania, "Zita, wewe mwenzetu umeolewa na mtu wa angani." Nikawa nawajibu kwamba wa angani mnamwona ninyi akipita, mimi niliye naye ni wa chini, anayelala na soksi miguuni kwa uchovu, halafu anaamka saa kumi na nusu alfajiri hata siku ambayo hana safari.

Mwaka huo wa 1999 alikuwa na miaka hamsini na moja, na alikuwa amekaa miezi mitatu bila kazi. Sababu ya kukosa kazi ni salamu. Najua haiingii akilini, kwa hiyo nitaieleza.

Kwao ni Uru, kule mlimani, juu kidogo ya parokia, kwenye kihamba cha migomba na mibuni alichokiacha baba yao. Walizaliwa wavulana watatu. Kwetu Wachagga mtoto wa kwanza hukatiwa ardhi, wa mwisho hubaki na nyumba ya mama, na wa katikati hupewa baraka na kuonyeshwa barabara. Wenseslaus ni wa katikati. Baba yake alimwambia, "Wewe kihamba chako ni shule," na yeye akakilima hicho kihamba bila mchezo. Alisoma mpaka akapelekwa Soroti, Uganda, siku zile nchi zetu tatu zilipokuwa bado jumuiya moja, akarudi na cheti cha kurusha ndege.

Mama yake, Bibi Kornelia, wakati huo alikuwa hajapanda hata basi la Arusha. Alikishika kile cheti, akakigeuza, akamrudishia. Akamwuliza jambo moja tu.

"Utakuwa unapita hapa juu?"

"Mara nyingine nitapita, mama."

"Basi usipite bila kusalimu. Mtu hapiti kwao kama mwizi."

Mwingine angecheka akasahau. Wangu alilichukua neno la mama yake kama amri. Alipokuwa akirusha ndege kubwa za shirika, jioni akiteremka kuelekea uwanja wa ndege wa KIA, aliwasha na kuzima taa zake mara mbili. Bibi Kornelia alisimama ukingoni mwa migomba, akaziona taa kule mbali tambarare, akaitikia kwa sauti: "Marahaba, baba!" Majirani walimcheka mwaka wa kwanza. Mwaka wa tatu nao walikuwa wakimwita, "Mama, toka nje, mwanao anapita."

Kisha ikaja ruksa, likaja soko huria, na mambo yakageuka. Shirika likapunguza watu, ndege nyingine zikabaki zimeegeshwa zikisubiri vipuri. Kampuni za watu binafsi zikaota kama uyoga. Wenseslaus alifanya kazi kwa kampuni nne katika miaka saba. Moja ilikufa kabla sijalijua vizuri jina la mwenyewe. Vijana wenye vyeti vipya walikuwa tayari kurusha kwa chakula tu, mradi wajaze saa za kuruka kwenye vitabu vyao, na kila tajiri alijua hivyo. Na kila miezi sita kulikuwa na daktari. Wiki nzima kabla ya vipimo mume wangu aliacha chumvi, akaacha nyama, akaacha pombe ya mbege, akawa anaishi kama mtawa na hasira zake. Mwalimu akipata presha anaandikiwa vidonge na kesho yake yuko ubaoni. Rubani akipata presha anakuwa mtu wa zamani.

Nisiseme habari ya Krismasi. Au nitasema, kwa sababu bado inaniuma. Desemba Wachagga wote hurudi nyumbani, hata walioko Dar na Mwanza, na asiyeonekana siku ile huulizwa kama ni mgonjwa au amefungwa. Lakini Desemba ndipo watalii nao huja. Kila mwaka mbuzi alichinjwa, nyama ya Wenseslaus ikatundikwa juu ya moshi jikoni mpaka Januari. Watoto wangu walimjua baba yao wa Krismasi kwa mlio wa injini.

Kwenye hizo ndege ndogo ndiko salamu ilikonoga. Alipokuwa akiwazungusha watalii kuutazama mlima, wakati wa kurudi alipita juu ya Uru na kuliinamisha bawa la kulia. Bibi alipunga kanga. Hata ng'ombe wake bandani alizoea, akaacha kuruka.

Siku moja, mwezi wa tatu mwaka huo, wingu liliufunika mlima wote. Wenseslaus akageuza na abiria wake wanne waliokuwa wamenuna, akashuka kuelekea Uru chini kuliko kawaida, ili mama amwone, akainamisha bawa. Mzee mmoja mtalii alitapika kwa hofu, na kesho yake akaandika barua. Mwenye kampuni, mtu wa kuja, akamwita ofisini ajieleze.

"Nilikuwa namsalimu mama," Wenseslaus akasema.

Yule bwana alidhani anadhihakiwa, akamfukuza kazi. Angetaja upepo, angepewa barua ya onyo na kurudi kazini. Nilimwuliza usiku ule kwa nini hakutaja upepo. Akaniambia kosa ni lake, sheria anaijua, abiria si wa kuchezewa; lakini kumkana mama yake mbele ya mtu kwa ajili ya kazi, hapo hakuweza. Nilimkasirikia sana. Nilimwonea fahari pia, ila hilo sikumwambia.

Tangu siku ile hakupanda Uru. Aliona aibu. Njoro hadi kwa mama yake hata asubuhi haiishi umefika, naye alikaa miezi mitatu bila kwenda. Wahenga walisema ng'ombe akivunjika guu hukimbilia zizini. Wangu alivunjika guu akakimbilia kochi. Aliamka saa kumi na nusu, akavaa shati jeupe lisilo na mistari ya urubani mabegani, akakaa.

Hapo ndipo binti yetu Flavia alipoleta fomu.

Alikuwa amemaliza kidato cha sita, fizikia na hesabu amezifaulu kuliko wavulana, na alikuwa amepata nafasi ya ufadhili kwenye chuo cha urubani nje ya nchi. Ilitakiwa sahihi ya mzazi, na fomu irudishwe mjini kabla ya Ijumaa saa sita. Sahihi ningeweza kuitia mimi. Flavia hakutaka. "Mama, atakayenikatalia ni rubani," alisema. "Basi na anikubalie rubani."

Baba yake aliisoma fomu yote, hata maandishi madogo ya chini. Akaiweka mezani.

"Hapana. Soma udaktari. Soma chochote kinachofanyika chini."

"Lakini baba, wewe umerusha miaka ishirini na tano!"

"Ndiyo maana nakwambia hapana. Kazi hii zamani ilikuwa na heshima. Sasa mimi ni dereva wa watu wanaotaka picha, na wapo wadogo kwako wanaoifanya bure."

Nakiri nilifurahi. Nilikuwa nimechoka kusubiri mlio wa gari getini, na sikutaka kuanza upya na mtoto. Lakini Flavia hakulia wala hakupaza sauti.

"Baba, wewe ulipewa shule kwa sababu kihamba hakikuwatosha. Mimi ni msichana, kwenye kihamba sikuhesabiwa tangu mwanzo. Nipe basi hicho ulichopewa wewe."

Wenseslaus akamsukumia fomu. "Nilichopewa mimi kimekwisha," akasema, akaenda kulala saa tisa mchana.

Jumatano Flavia alipanda Uru kuchukua ndizi, akalala huko. Alhamisi kabla ya chakula cha mchana akarudi na mkungu wa ndizi mshare na kanga iliyoviringwa. Akaifungua mbele ya baba yake. Ndani yake kulikuwa na jani refu la kijani, limefungwa fundo katikati.

Lilikuwa jani la isale. Linaota kwenye mipaka ya vihamba vyetu vyote na halina thamani yoyote mpaka mtu alifunge fundo na kumpelekea mwenzake. Likipelekwa hivyo linaomba msamaha, na aliyeletewa hakatai. Watu waliouliana ndugu wamepatanishwa na jani hilo. Ni mwiko kulichezea.

Wenseslaus alisimama kwa hasira.

"Unaniletea isale kwa ajili ya fomu? Umelifanya jani la wazee kuwa kalamu ya kulazimisha sahihi?"

"Si langu, baba."

"La nani?"

"La bibi. Aliniuliza kama wewe ni mgonjwa, mbona miezi mitatu bawa haliinami. Nikashindwa kumdanganya, nikamweleza yote. Asubuhi akaenda mwenyewe mpakani akalikata. Akasema nikwambie anaomba umsamehe, kwa sababu yeye ndiye aliyekufukuzisha kazi."

Kwetu mtoto humpelekea mzazi isale. Mzazi kumpelekea mtoto sikuwahi kusikia. Wenseslaus aliketi, akalishika lile jani kwa mikono miwili, na machozi yakamtoka mbele ya binti yake bila kuyaficha. Kisha akaniambia, "Mama Flavia, vaa viatu." Sikuuliza tunakwenda wapi.

Pikapu ilituacha sisi watatu kanisani, tukamalizia kwa miguu. Ilikuwa Juni, baridi na ukungu, njia inateleza. Mtu aliyezoea kupita hapo angani kwa dakika moja sasa alikuwa akipumzika kila baada ya mibuni kumi. Mahali pengine mibuni yenyewe haikuwepo; Valerian, mdogo wake aliyerithi nyumba ya mama, alikuwa ameing'oa na kupanda nyanya, maana bei ya kahawa ilishakatisha watu tamaa.

Bibi Kornelia alikuwa ameketi mlangoni pa jiko akimenya ndizi. Macho yake yalikuwa yameanza kufifia, lakini hatua za mwanawe alizijua.

"Shikamoo mama."

Hakuitikia. "Umenipokea?" aliuliza kwanza.

"Mama, mzazi hamwombi mtoto radhi."

"Mimi nimekuomba. Nilikufundisha adabu ya watu wanaotembea kwa miguu. Sikujua huko juu kuna adabu nyingine. Umenipokea?"

"Nimekupokea, mama."

"Basi marahaba," akasema, akamshika kichwa kama mtoto mdogo. "Marahaba, marahaba. Hizo ni za miezi yote mitatu."

Tulikaa. Wenseslaus akamweleza yaliyomjaa moyoni, na mimi niliyelala naye miaka yote hiyo nilikuwa nasikia mengine kwa mara ya kwanza. Kwamba amechoka kuogopa daktari. Kwamba asingefukuzwa kwa salamu angefukuzwa kwa lingine. Na sasa mtoto huyu naye anaitaka kazi ile ile, na yeye anaona anamtuma shimoni.

"Valerian anaringia nyanya," Bibi akasema. "Baba yenu angeona mibuni yake imelala chini angekufa mara ya pili. Kahawa imechosha watu, wewe umechoka, mke wako na chaki zake amechoka. Kazi isiyochosha uliiona wapi, mwanangu?"

Kabla hajajibu tukasikia ndege. Ilikuwa ndogo, juu ya ukungu, hata haikuonekana. Bibi Kornelia akaweka kisu chini, akainua mkono wenye utomvu wa ndizi.

"Marahaba!"

Wenseslaus akamgusa bega taratibu. "Mama, yule si mimi. Hata hajakusalimu."

"Nimezeeka, sijapumbaa. Najua si wewe, wewe uko hapa unanizibia mwanga. Lakini ni mtoto wa mtu. Pengine kwao ni mbali, akipita hakuna wa kumwitikia."

Mume wangu akainua uso kuutazama ukungu. Alibaki hivyo mpaka mlio ukapotea upande wa Marangu.

"Fomu iko wapi?" akauliza.

Ilikuwa kwenye kanga, bila shaka. Flavia ni mjukuu wa bibi yake. Wenseslaus akaiweka gotini, akatia sahihi pole pole, ile ile aliyokuwa akiitia kwenye kitabu chake cha saa za kuruka. Moyo wangu ulikuwa bado unasema hapana. Sikuzuia.

"Usije ukasema nilikwambia ni kazi nzuri," alimwambia Flavia. "Itakunyima usingizi, itakunyima Krismasi, na siku ikikuchoka haitakuaga. Na bawa usiliinamishe, hata kama ni siku ya mazishi yangu. Ukipita hapa, pita wima, angalia vyombo vyako."

"Nisisalimu, baba?"

"Usisalimu. Mimi nitakuwa hapa chini na bibi yako. Tutaitikia hivyo hivyo."