Nimerudi Asia kufundisha Kiingereza na kuhubiri, lakini pilau ya kuniaga ilibaki sufuriani Mjambere

Wakuu, salamu kwenu nyote, wa pwani na wa bara.

Uzi huu nimeuandika na kuufuta mara kadhaa. Leo nauacha ulivyo. Ni mambo yaliyonikuta mimi mwenyewe na sijaongeza chumvi. Mkifika katikati mtaona kwa nini neno chumvi silitumii ovyo siku hizi.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza katika nchi moja ya Asia. Jina la nchi naliacha, maana kule kazi ya Injili haipigiwi ngoma, na nina wenzangu wanaotaka kuendelea kuishi kwa amani.

Kabla hamjanijazia PM mkitafuta connection: shule zinataka digrii, cheti cha kufundisha, na uso wa kutabasamu asubuhi na mapema. Yaliyobaki ni subira.

Siku za wiki nafundisha shule ya kawaida. Hiyo ndiyo inayonipa visa na ugali, ingawa ugali wenyewe kule haupo.

Jumamosi ndiyo kazi iliyonipeleka. Kuna kanisa dogo tunaloshirikiana nalo, linafungua darasa la bure kwa watoto wa mtaa. Tangazo mlangoni linasema Kiingereza bure, basi, hakuna neno jingine. Kipindi kikikaribia kwisha tunawasomea watoto hadithi za Biblia, tunaimba, tunaomba.

Wazazi wao ni Wabudha. Wanawaacha watoto mlangoni na kwenda zao sokoni. Hawakuwahi kuniuliza kinachoendelea ndani, nami sikuwahi kuwaambia. Mratibu wetu wa umisheni kule anaita hiyo hekima, na mimi nilikuwa naiita hivyo hivyo.

Shikeni hapo, tutaparudia.

Nilikuja nyumbani likizo mkataba ulipoisha, nikiwa na mpango wa kurudi. Nyumbani ni Mjambere, Kisauni. Sisi ni Wagiriama wa kanisani tangu babu.

Mama yangu ana sukari na macho yamekwisha. Anaona mwanga, haoni mtu. Kila asubuhi lazima adungwe sindano, na dada yangu wa pekee ameolewa Malindi, ana watoto wadogo.

Anayemdunga ni jirani yetu, Bi Mwanaisha. Ni mama wa Kiislamu, mjane, nyumba yake na yetu zinatenganishwa na ua wa makuti. Alifundishwa na nesi kudunga, akashika. Anakuja asubuhi, anadunga, anahakikisha mama amekula, wanasengenya kidogo mtaa mzima, anarudi kwake.

Kwa hiyo, wakuu, niseme wazi. Mimi naenda ng'ambo kuhubiri Ukristo kwa sababu kuna Muislamu anayemtunza mama yangu. Bila huyo mama sitoki Kisauni. Nilikuwa nalijua hilo na nilikuwa nalichukulia poa.

Siku moja likizoni nilimwonyesha video ya watoto wangu wa Jumamosi wakiimba wimbo wa Yesu kwa Kiingereza. Akaitazama mpaka mwisho.

"Hawa ni Wakristo?"

"Bado, Bi Mwanaisha."

"Wazee wao wajua yaimbwayo hapa?"

Nikacheka, nikaweka simu mfukoni.

Sasa tuje kwenye kuagwa. Kanisa liliamua nisiondoke kimya kimya. Ibada ya kuniaga Jumapili alasiri, uwanjani kwetu, na chakula kwa waumini na majirani wote. Msimamizi alikuwa Shemasi Festo, mwenyekiti wa kamati ya umisheni, iliyonisaidia hata kwenye tiketi. Ni mtu wa bara, anaishi Changamwe, mchapa kazi kweli. Kitu kikimshinda, jua kimeshindikana.

Wa bara mnisikilize hapa kidogo. Pwani ukialika mtaa, mbuzi anachinjwa na Muislamu. Hata kama ni harusi ya kanisani, hata kama ni matanga ya mchungaji. Hakuna sheria iliyoandikwa. Ni kwamba akichinja Muislamu tunakula sote, akichinja Mkristo nusu ya wageni watakunywa soda. Tumekua hivyo, na Festo kwa miaka aliyokaa huku analijua hilo kama mimi.

Mchinjaji wetu ni Bakari, ana bucha karibu na stage ya matatu. Mpishi ni Bi Mwanaisha. Pilau yake hata maadui wanaisifu, na masufuria makubwa ya mtaa ni yake. Yanatoka kwake kwenda maulidi, yanatoka maulidi kwenda harusi zetu.

Asubuhi hiyo mimi nilikwenda na mkokoteni kuchukua viti. Nilirudi nikakuta mbuzi wameshaingia sufuriani, moshi wa kuni, harufu ya bizari nzima imejaa mpaka barabarani. Nikafurahi. Nikaanza kupanga viti.

Simu ikalia. Bakari.

"Mwalimu, n'samehe sana. Nilikuja kuzika huku Likoni, sasa nimekwama feri, watu ni wengi wallahi. Hao mbuzi wan'ngojea?"

Nikamwambia asijali, mambo yameshakwenda.

"Alhamdulillahi, mmepata mwengine."

Akakata.

Nikamtafuta Festo, nikamkuta anafunga turubai. Nikamuuliza nani amechinja.

"Mimi. Huyo jamaa hakutokea, simu hashiki. Ningengoja mpaka lini? Wageni wanakuja."

"Na Bi Mwanaisha anajua?"

"Aliniuliza. Nikamwambia ni Bakari."

Alisema hivyo bila kupepesa macho, huku anavuta kamba. Kisha akaniangalia akaona uso wangu.

"Karisa, nyama ni nyama. Hakuna atakayeumwa tumbo. Mimi nanyamaza, wewe unanyamaza, watu wanakula wanashiba, Jumatano unapanda ndege. Ukilisema hili saa hizi unaharibu siku yako mwenyewe."

Nisiwadanganye, wakuu. Nilipiga hesabu na hesabu yake ilitoka sawasawa. Nikinyamaza, hakuna atakayejua. Nikisema, naaibisha kanisa lililonipa tiketi, na namkasirisha mwanamke anayeshikilia uhai wa mama yangu, siku tatu kabla ya safari. Nilisimama kwenye viti vile nikitamani Bakari asingepiga simu.

Halafu nikasikia sauti ya Bi Mwanaisha kutoka mekoni.

"Karisa! Abiria! Njoo uone pilau ya kukutoa machozi huko Uchina."

Si Uchina, lakini kwake Asia yote ni Uchina.

Nikaenda. Alikuwa amefunga leso kiunoni, jasho linamtiririka, anacheka. Wanawake wawili wa kwao walikuwa wanakata kachumbari. Akachota mchuzi kidogo kwa mwiko, akaumimina kiganjani ili aonje chumvi.

Mkono ukapanda kuelekea mdomoni.

"Bi Mwanaisha, usionje."

Akasimamisha mkono. "Kwani?"

"Bakari hakuja. Amechinja Shemasi."

Alikitazama kiganja chake, akakikung'uta chini. Akaulaza mwiko juu ya kifuniko, taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto.

"Nilimuuliza," akasema. "Karisa, nilimuuliza."

Akaenda kwenye ndoo, akanawa mikono mpaka viwikoni. Wale wawili wakaacha visu vyao juu ya vitunguu, wakamfuata. Wote watatu wakapita penye ua, mlango ukafungwa.

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona darasani wala kanisani.

Ibada iliendelea. Majirani Waislamu walikuja, maana waliahidi. Wakakaa, wakanywa soda, wakala mahamri niliyotuma yakanunuliwe mbio mbio, wakaniombea safari njema, wakaondoka mapema. Hakuna aliyenitolea neno baya. Ingekuwa nafuu kama wangenitukana.

Bi Mwanaisha hakuja.

Waumini walikula kidogo, habari ilikuwa imeshaenea. Pilau nyingi ilibaki sufuriani. Festo alifanya maombi ya kunituma kwa sauti kavu, na baadaye akaniambia kando kwamba nimelivua nguo kanisa mbele ya mtaa. Nilimjibu kwamba nguo zilivuliwa asubuhi. Hatukuongezeana neno.

Mama alikuwa kwenye kiti chake mlangoni, amesikia yote.

"Sasa nani atanidunga?" akaniuliza.

Hilo tu. Hakuuliza la kanisa wala la safari. Usiku huo niliandika email ya kuwaambia kule kwamba huenda nisirudi. Sikuituma. Niliiacha kwenye draft.

Jumatatu nikatayarisha sindano mwenyewe. Mama akakataa kabisa, eti mkono wangu mzito. Tukakaa. Chai ikapoa. Nikaanza kumbembeleza kwa mara ya pili, ndipo nikasikia ndara kwenye kokoto.

Nilimwamkia Bi Mwanaisha shikamoo. Akasema marahaba, kwa sababu shikamoo hainyimwi jibu, lakini hakunitazama. Akamdunga mama, akamuuliza amelalaje, akamsogezea uji. Hakukuwa na masengenyo siku hiyo.

Alipotoka nikamfuata hadi penye ua. Masufuria yake nilikuwa nimeyasugua usiku wa jana yake na kuyarudisha mlangoni kwake. Niliyaona yapo juani, yamesuguliwa upya kwa mchanga, yanang'aa kuliko nilivyoyaacha mimi.

Nikaanza kuomba radhi. Akanikata.

"Wewe sikia. Mimi sikukasirishwa na kisu. Shemasi wenu angen'ambia Bakari hakuja, ningempikia pilau yake kando, nikapika na wali mweupe na samaki wa kupaka wa sisi, sote tukala uwanja mmoja. Mara ngapi twafanya hivyo? Yeye alitaka n'le nisichokijua. Kisha ashukuru Mungu kwamba nimeshiba."

Alikuwa ana haki.

"Wewe umen'ambia, japo umechelewa. Kwa hilo mamako nitamdunga mpaka urudi, inshallah. Nenda."

Nilipumua, wakuu. Nilidhani tumemaliza.

"Lakini nilikuuliza la wale watoto," akasema. "Ukacheka."

Akaingia ndani kwake.

Nilipanda ndege Jumatano. Watu huwa wanaulizia safari ilikuwaje, mimi safari siikumbuki. Nilikuwa namsikia Bi Mwanaisha tangu uwanja wa ndege wa Moi International mpaka natua.

Jumamosi ya kwanza, wazazi walipoleta watoto mlangoni, niliwaomba wasiondoke. Nikamwita dada wa kanisa anitafsirie. Nikawaambia darasa hili ni la kanisa. Nikawaambia sehemu ya mwisho tunasoma Biblia na tunawafundisha watoto kumwomba Yesu, na kwamba nimesafiri mbali kwa sababu hiyo kuliko kwa sababu ya Kiingereza. Anayetaka Kiingereza peke yake, amchukue mwanawe kabla ya sehemu hiyo. Asiyetaka kabisa, hatutamkasirikia.

Yule dada alitafsiri neno kwa neno.

Mama mmoja, ambaye mwanawe alikuwa anaimba kuliko wote, alimwangalia mtoto, akaniangalia mimi. Niliutambua ule uso. Niliuona Mjambere, juu ya kiganja chenye mchuzi. Akamshika mtoto mkono wakaondoka. Wengi wakamfuata.

Mratibu alinipigia simu siku hiyo hiyo. Alikuwa mkali, na simlaumu. Alisema nimebomoa kwa dakika chache kilichojengwa kwa miaka. Suala langu bado liko mezani kwao, sijui litaishaje. Nikirudishwa nyumbani nitawaambia humu humu.

Yule mama alimrudisha mtoto baadaye. Anamleta mwanzoni, anamngojea nje kwenye kivuli, na wakati wa hadithi anaingia kumchukua. Ananiinamia kichwa kidogo akiondoka. Miezi yote ya kabla hakuwahi kuniinamia.

Juzi nilipiga simu nyumbani. Aliyeshika ni Bi Mwanaisha, maana mama haioni simu.

"Mamako kala, kadungwa, sasa ateta na redio. Wewe je, wale wazee umewaambia?"

"Nimewaambia."

"Wamebaki?"

"Wachache."

"Basi hao ndio wako," akasema, akampa mama simu.

Wakuu, mimi bado ni mhubiri. Sijabadili imani na sijapoa. Ila nimeelewa kitu kimoja: anayekula mkononi mwako ana haki ya kujua nani amechinja, hata kama unaamini nyama yako ni njema. Akishajua, kula au kutokula ni kwake.

Walimu, wahubiri, wafanyabiashara, hata nyinyi mnaochumbia watu humu, semeni ukweli. Kuna sufuria umewapikia watu na hujawaambia nani alichinja? Na wanaoona nilikosea, kwamba ningenyamaza watu wakala wakashiba, nawasikiliza pia. Shemasi Festo hayupo humu kujitetea, kwa hiyo mteteeni kwa haki.