Kunde Kwenye Chuma cha Vitumbua

Harufu ya kitumbua kilichoungua hunirudisha Rooty Hill, huko ughaibuni tulikohamia, kwenye fleti yetu ya matofali mekundu, majira ambayo dada yangu Mwanaidi alikuwa akijiandaa na mtihani wa kemia. Mijakaranda imechanua, joto limeanza, wenzangu wako nje na baiskeli zao, na mimi nimekalishwa jikoni nipange kunde ndani ya chuma cha vitumbua, maana dada alishika somo kwa kunifundisha. Kila tundu lilikuwa chumba ndani ya atomu, kila kunde elektroni. Baba alishasema kwamba dada akifeli kemia atamfuata mama mdogo kwenye kiwanda cha biskuti, Ingleburn. Kwa hiyo dada hakuwa na subira, na mimi nilikuwa mzito.

Kosa langu lilikuwa lilelile kila jioni. Nikipewa kunde tatu na matundu matatu, niliweka mbili pamoja, kisha ya tatu jirani yao. Kwetu mgeni haachwi akae peke yake.

“Mara ngapi nikwambie?” dada alinijia juu. “Kila mmoja chumba chake kwanza. Hawapendani hawa. Vyumba vikiisha ndipo wanaingia wawili wawili.”

“Wazungu hao,” alisema Mama, upawa mkononi. Alikuwa akingoja chuma chake, na unga ulishaumuka hadi ukingoni mwa bakuli. “Na hao wawili wanakaaje? Mafahali wawili hawakai zizi moja.”

“Wanakaa, Mama. Opposite spin. Mmoja huku, mwingine...” Dada alitafuta neno, akalikosa, akapiga meza.

Mama alichukua kunde mbili, akazilaza tundu moja, jicho la moja juu, la nyingine chini. “Mzungu wa nne. Kama mnavyolala nyinyi, kichwa cha huyu miguuni kwa yule. Haya, nipe chuma changu.”

Sikukosea tena, maana visigino vya dada nilivijua vizuri: hakuna alalaye hivyo ilhali kuna chumba kitupu. Naye alifaulu.

Siku hizi dada ni mfamasia, anaishi upande wa pili wa jiji. Mimi nimepanga Villawood, karibu na kazini. Sikukuu ikifika Mama hukaanga vitumbua, sahani ikajaa, simu zikaanza: nimechoka, nitakuja wiki ijayo. Hata mimi nimeshasema hivyo. Kila mmoja chumba chake kwanza, na mji huu vyumba haviishi.